Nyuzi Ishirini na Saba

Afande alinusa kwanza. Aliinua glasi hadi usawa wa dirisha, akaitazama bia ilivyotulia, rangi ya dhahabu, povu jeupe la kidole kimoja, haina kasoro yoyote kwa macho. Kisha akaisogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi fupi fupi tatu, kama alivyofunzwa kunusa chupa za ushahidi.

"Ndizi," alisema.

"Ndizi gani tena, dada?"

"Ndizi mbivu, zile zilizopitiliza, zimeanza madoa meusi. Na nyuma yake..." Akanusa tena. "Dawa ya kuondolea rangi ya kucha."

Ndipo alipoonja. Alimeza kidogo, uso ukamkunjamana, akaiweka glasi mezani mbali na mkono wake. Miaka ishirini na miwili ya ukachero ilikuwa imemlisha mengi, lakini hili lilikuwa la kwanza.

Mdogo wake, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akijipangusa viganja kwenye suruali. Watu wote, hata mkewe, walimwita Mwalimu. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa baada ya wiki saba, na yeye alikwisha kuapa mbele ya ukoo mzima kwamba siku hiyo wageni watakunywa bia aliyoitengeneza kwa mikono yake. Ndoo ya kwanza ilitoka tamu hata majirani wakaja kuuliza. Ya pili ikatoka hivi. Ya tatu, hii iliyokuwa kwenye glasi, ikatoka hivi hivi. Dukani lilikuwa limebaki kasha moja tu la kutengenezea bia, naye alikuwa amelinunua na kuliweka juu ya kabati kama mtu aliyeficha mtoto.

"Nimehujumiwa," alisema Mwalimu. "Na mwenye kuhujumu namjua."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua fupi, yenye mwandiko mzuri wa ubaoni, ya kumtaka fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele, ahame kabla ya mwisho wa mwezi.

Afande aliisoma mara mbili. "Si huyu anayemshonea mwanao gauni la harusi?"

"Ndiye."

"Limefika wapi?"

"Mikono bado."

"Kwa hiyo unataka binti yetu aolewe bila mikono." Akaikunja barua, akaitia kwenye mkoba wake. "Hii ikae kwangu. Niko likizo, nina siku nne. Nieleze tangu mwanzo, na usiruke kitu."

Mwalimu alieleza. Ndani ya kasha huwa mna kopo la shayiri iliyopikwa ikawa nzito kama asali, pakiti ndogo ya hamira, na karatasi ya maelekezo. Unaosha ndoo ya lita ishirini na tano kwa dawa, unamimina shayiri hiyo na sukari, unaongeza maji ya moto kisha ya baridi, unanyunyiza hamira, unafunga mfuniko. Juu yake kuna kimrija chenye maji, hewa inatoka ikilia *blup, blup*, uchafu hauingii. Unasubiri siku kumi. Basi.

"Ulisafisha vizuri?"

"Dada, ningeweza kumfanyia mtu upasuaji ndani ya ile ndoo."

Afande alimwamini. Uchafu ungeifanya bia iwe chachu kama siki, na hii haikuwa chachu. Akaomba karatasi ya maelekezo. Mwalimu aliitafuta kwa muda, akaikuta chini ya mguu mmoja wa meza, imekunjwa mara nne kuzuia meza isiyumbe. Afande aliikunjua, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno huku meza ikiyumba. Karibu na mwisho kidole chake kilisimama.

"Sikiliza. 'Weka kati ya nyuzi kumi na nane na ishirini. Joto likizidi nyuzi ishirini na nne, hamira hufanya kazi kwa pupa na bia hupata harufu ya matunda yaliyoiva mno au ya rangi ya kucha.'" Akamtazama juu ya miwani. "Kwa hiyo hukutiliwa sumu, mdogo wangu. Umetiliwa joto."

"Haiwezekani!" Mwalimu alichukua daftari lililoning'inia kwenye msumari. "Nimepima kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Tazama. Ishirini, ishirini, kumi na tisa, ishirini. Chumba hiki hakipati jua kabisa."

Daftari lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. Kipimajoto chenyewe kilikuwa ukutani, kwenye kivuli, usawa wa bega, kama kinavyotundikwa katika vituo vya hali ya hewa. Afande alipiga magoti kando ya ndoo tupu ya tatu, akaanza kuikagua kwa tochi ndogo, kuanzia chini. Kwenye utepe wa gundi uliozunguka mfuniko, mwanga ukanasa kitu. Akakitoa kwa kibanio cha nyusi.

Ulikuwa uzi mwekundu, mfupi kama ukucha.

"Haya!" Mwalimu alipiga makofi. "Uzi! Nyumba hii nani ana nyuzi? Na mchana nani anabaki humu? Mimi niko shule, mke wangu yuko zahanati, binti haishi hapa. Ni fundi tu. Na mama mkwe, lakini yeye yuko chumbani kwake na redio yake. Tena fundi alishalalamika kwamba ndoo inamkoromea!"

"Uzi nimeuona," alisema Afande. "Fundi sijamwona bado."

*

Fundi cherehani alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba, pini nne mdomoni, na futi shingoni. Gauni la harusi lilikuwa limevalishwa sanamu ya mbao katikati ya chumba, jeupe, zuri, na kweli halikuwa na mikono. Alimkaribisha Afande kwenye kiti cha wateja, akatema pini moja moja kwenye kisahani.

"Najua umekuja kwa nini, Afande. Siku hizi Mwalimu hanisalimii. Ananipita kama nguzo."

"Ulisema ndoo inakoroma."

"Inakoroma kweli! Ukuta huu na chumba kile ni kitu kimoja. Usiku kucha *blup, blup*. Siku ya kwanza nilidhani ni mkwe wake." Akajishika mdomo. "Samahani. Lakini kulalamika ni kosa?"

Afande aliweka kijibahasha juu ya meza ya cherehani, akautoa uzi. Fundi aliinama. Hakuugusa. Aliutazama kama daktari anavyotazama kidonda, na polepole uso wake ukabadilika, hofu ikaondoka, ikaja dharau ya kitaalamu.

"Huu ndio mnaoniletea? Huu si wangu."

"Una nyuzi nyekundu kumi na moja kwenye ile rafu. Nimezihesabu."

"Nina kumi na tatu, mbili ziko chini. Una kiberiti? Mimi sivuti."

Afande alikuwa nacho. Fundi alikata kipande cha uzi wa pamba, akakiwasha juu ya kisahani. Kiliwaka haraka, kikanuka karatasi, kikaacha jivu laini. Akakata wa nailoni. Huo haukuwaka vizuri, ulijikunyata, ukayeyuka, ukawa kidonge kigumu cheusi. "Ninashonea aina hizi mbili tu, tangu nianze kazi," alisema. "Sasa nipe nusu ya huo wako."

Afande aligawa ushahidi kwa wembe, jambo ambalo mkuu wake wa kituo asingelipenda. Nusu ile ilitoa cheche, ikajikunja, ikazimika yenyewe. Chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua.

"Sufu," alisema Fundi kwa furaha, akipunga moshi kwa mkono. "Manyoya ya kondoo! Uzi huu haukushonwa, ulifumwa. Mimi sufu siigusi, inaniwasha. Tazama!" Akakunja mkono wa shati kuonyesha mkono ambao wakati huo haukuwa na kitu chochote.

Afande alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akatoa barua ya Mwalimu mkobani, akaichana vipande vinne, akavidondosha kwenye kisahani cha majivu.

"Hiyo nini?"

"Karatasi tu. Endelea na mikono ya gauni, Fundi. Na Jumatatu nitaomba kukaa hapa kwako kutwa nzima."

*

Jumamosi hiyo hiyo Afande alimuuliza kila mtu wa nyumba, hata mama mkwe, kama ameona mtu akiingia chumba cha nyuma. Jumapili alasiri alitega mtego. Kasha la mwisho alikataza lisiguswe. Badala yake alimimina kwenye ndoo maji, sukari nyingi, na masalia ya hamira yaliyokuwa yametua chini ya chupa za bia iliyoharibika. Kufikia jioni ndoo ilikuwa ikilia kama kawaida, na mtu wa kupita asingeweza kujua kwamba ndani hamna bia.

Wifi yake, muuguzi wa chanjo, alimletea kifaa kutoka zahanati, baada ya kuandika jina lake kwenye kitabu cha kuazima. Kilikuwa kipimajoto cha friji za chanjo. Kinakumbuka joto la chini kabisa na la juu kabisa, na kina waya mrefu wenye ncha ya kupimia.

"Friji ikizimika usiku, asubuhi kinaniambia," alisema wifi. "Hakidanganyi na hakisahau, wifi. Ningekuwa na mume wa namna hii!"

"Nimesikia!" Mwalimu aliita kutoka uani.

Afande alibandika ncha ya waya kwenye ubavu wa ndoo, akaifunika kwa kipande cha sponji ili ipime ndoo na isipime hewa. Kifaa chenyewe, ambacho nacho hupima joto la chumba, akakificha nyuma ya makopo ya rangi.

Jumatatu alfajiri Afande alifuta kumbukumbu za kifaa ili kianze upya. Mwalimu aliondoka saa kumi na mbili na nusu, mkewe akamfuata. Afande alikaa kwa Fundi akishona vifungo, kwa sababu Fundi alikataa kukaa na mtu asiye na kazi. Saa moja na robo wakasikia ukumbini kandambili zikiburuzwa taratibu, *shwa, shwa*. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Ukafungwa.

Fundi alitoa macho. Afande akaweka kidole mdomoni.

"Tusimkamate?" Fundi alinong'ona.

"Kumkamata kwa kosa gani? Kuingia chumbani? Ngoja kipimajoto kiseme."

Saa kumi alasiri kandambili zikapita tena, *shwa, shwa*, kwenda na kurudi. Afande alihesabu hadi mia, ndipo akaingia. Ndoo ilikuwa peke yake, haina kitu juu yake, ikilia *blup, blup*. Aliigusa kwa kiganja, akakuta ina joto kama shavu la mtoto mwenye homa. Kwenye utepe wa gundi kulikuwa na uzi mwingine mwekundu. Akatoa kifaa nyuma ya makopo ya rangi, akabonyeza.

Chumba, cha chini kumi na tisa, cha juu ishirini na moja. Kwa hiyo jua halikuingia, wala hali ya hewa haikubadilika, na daftari la Mwalimu lilikuwa la kweli kabisa. Ndoo, ya chini ishirini na nne. Ya juu ishirini na saba.

Aliitazama ile ishirini na nne kwa muda mrefu kuliko ishirini na saba. Kisha akatabasamu, akaenda kubisha mlango wa mwisho ukumbini.

Mama mkwe wa Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, redio inaimba kwa sauti ya chini. Magotini mwake kulikuwa na blanketi zito la sufu, jekundu, alilokuwa akilikunja pembe kwa pembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Jumamosi nilikuuliza kama umemwona mtu akiingia chumba cha nyuma."

"Nikasema sijamwona mtu."

"Ni kweli. Mtu hajioni mwenyewe."

Mabega ya bibi yule yakaanza kutikisika, na Afande akadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi akajipangusa macho kwa pembe ya blanketi.

"Niliwaambia hao, mtu wa polisi akija mambo yataharibika," alisema, ingawa hakuna aliyejua hao ni akina nani. "Mwanangu, mimi nimekanda mikate kwenye tanuri miaka thelathini. Hamira naijua kama ninavyowajua wanangu. Ukiiacha wazi kwenye chumba cha baridi inanuna, mkate unatoka kama tofali. Nikamwona mkwe wangu, maskini, ameiweka ile ndoo kwenye chumba cha baridi kuliko vyote, bila hata shuka! Na harusi ni ya mjukuu wangu. Nikasema, mimi nitaifunika akiondoka, nitaifunua kabla hajarudi."

"Kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie mwalimu? Na mimi mkwewe? Yule kijana ananiheshimu mpaka ananiogopa. Miaka mitatu naishi humu, ananisalimia akitazama vidole vyangu vya miguu. Ningeanzia wapi?"

"Na ndoo ya kwanza, ile iliyokuwa tamu?"

"Wakati ule blanketi lilikuwa kwa dobi."

*

Saa kumi na moja na nusu wote walikuwa katika chumba cha nyuma. Mwalimu alisikiliza habari yote akiwa ameegemea ukuta, na kila sentensi ilivyopita ndivyo alivyozidi kutazama chini, hadi akafikia vidole vya miguu ya mama mkwe wake, akabaki hapo. Bibi alikumbatia blanketi. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka, na Fundi, aliyekuja kushuhudia jina lake likisafishwa, alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Nimekuharibia harusi ya mtoto," alisema bibi kwa sauti ndogo.

"Subiri, mama," alisema Afande. "Sijamaliza. Bado kuna mshtakiwa wa pili." Akamgeukia mdogo wake. "Jana usiku blanketi halikuwepo. Leo alfajiri kipimajoto chako kilisoma ngapi?"

"Ishirini."

"Na ndoo ilikuwa ishirini na nne. Hizo nne zilitoka wapi?"

Mwalimu aligeukia daftari lake.

"Hamira ikifanya kazi inajipasha yenyewe moto," alisema bibi haraka, kabla hajajizuia. "Unga uliokandwa jioni, ukitia mkono katikati asubuhi, una joto kama mtu. Kila mwokaji anajua." Akasita. "Ila mkate haubaki na harufu. Tunauoka, inakwenda na moshi. Kumbe bia inabaki nayo."

"Umesikia?" Afande aligonga kipimajoto cha ukutani kwa kucha. "Wewe ulikuwa unapima hewa, mdogo wangu. Siku mbili tatu za mwanzo ndani ya ndoo ni kwingine kabisa. Ishirini ni za chumba. Nyuzi nne ni zako. Tatu ndizo za mama. Ningekuwa hakimu, ningekufunga wewe kwanza."

Kisha Mwalimu alifanya jambo ambalo mkewe aliendelea kulisimulia kwa miaka. Aliinua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," alisema, "naomba unifundishe."

Wifi aligeukia dirisha akajifanya anatafuta kitu. Fundi hakujifanya. Alipenga kamasi kwa sauti kubwa kwenye kitambaa cha mteja.

*

Kasha la mwisho lilifunguliwa kesho yake, siku ya mwisho ya likizo ya Afande. Safari hii ndoo ilikalishwa ndani ya beseni kubwa la maji, yakaifikia kiunoni. Bibi alikataza hamira isinyunyizwe mpaka mchanganyiko upoe hadi kumi na nane. Kwenye friza kulikuwa na chupa sita za plastiki zilizojaa barafu. Asubuhi zinaingia mbili kwenye beseni, jioni zinabadilishwa. Fulana ya zamani ya Mwalimu ikavalishwa ndoo, ncha zake zikaloa majini, na feni ikaipulizia, kwa hiyo kwa siku kumi kulikuwa na mtu mfupi mnene bila kichwa akipunga upepo katika chumba cha nyuma.

Bibi ndiye aliyekuwa zamu. Kila saa chache aliingia, akaweka kiganja kwenye ubavu wa ndoo, akatamka namba, ndipo akabonyeza kifaa cha zahanati kuhakikisha kama na chenyewe kinajua. "Kumi na tisa," alisema. Kikasema kumi na tisa na nukta mbili. "Kinajitahidi," akasema. Siku ya tatu joto lilipotaka kupanda aliongeza chupa ya tatu bila kumuuliza mtu. Siku ya saba kelele ilipopungua alizitoa zote, akaiacha ipande yenyewe taratibu hadi ishirini na moja ili hamira imalizie kazi. Mwalimu, akirudi shuleni, alipiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe, akaingia na daftari, akaandika aliyoambiwa. Kupitia ukuta Fundi alisikia wakibishana, wakicheka, wakibishana tena, naye akalalamika kwamba sasa chumba kile kinakoroma kwa sauti mbili.

Siku ya harusi Afande alifika amevaa gauni, akiwa hana tochi wala mkoba. Gauni la bibi harusi lilikuwa na mikono mirefu ya lesi iliyowafanya wanawake wa meza ya mbele wamtafute Fundi kabla hata ya chakula. Chupa zilitolewa kwenye mapipa ya barafu. Baba wa bwana harusi, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa maneno machache, alimimina glasi yake, akanusa, akanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Meza nzima ilimsubiri.

"Nani ametengeneza hii?" aliuliza.

Watu walianza kumwelekezea Mwalimu vidole, tayari mikono imeinuliwa kumpigia makofi. Mwalimu alisimama. Alizunguka meza, akampa mkono mama mkwe wake, akamsimamisha taratibu, na kitambaa chake kipya kikamteleza begani.

"Huyu hapa," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Dereva wa malori aliinuka, akampigia bibi saluti kwa glasi, akamalizia nusu iliyobaki. Bibi alisimama katikati ya kelele ile akitazama huku na huku, hajui mikono aiweke wapi, hadi akaiweka juu ya mkono wa mkwewe na kumvuta chini amnong'oneze sikioni. Afande, aliyekuwa karibu, alisikia kila neno.

"Jumatatu ukitoka shule upitie dukani," bibi alimwambia. "Lete makopo mawili. Ile bia nyeusi."

Katika miaka mitatu hakuwa amewahi kumtuma hata chumvi.

"Sawa, mama," alisema Mwalimu, na kwa namna alivyosema, ungedhani angekwenda saa ile ile.